Nyongeza ya Bi Mwatumu

Mwatumu wa Tongoni ana mkono mwepesi. Akiuza mafuta ya nazi, hujaza kopo, kisha humtilia mteja nyongeza. Kupima bila nyongeza kwake ni uchoyo. Mwezi huu ameanza kupika sabuni ya mafuta hayo.

Asubuhi moja jirani yake, Sabra, alikuja na mikono iliyobabuka.

"Sabuni yako ni sumu, Mwatumu. Nitawaambia mtaa mzima."

Mwatumu alipandwa na hasira. Yeye, aitwe muuza sumu? Akajifunga kanga kiunoni, tayari kwenda Usagara kumkabili muuza kostiki, ile dawa nyeupe inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Njiani akakutana na Imakulata, mwalimu wa kemia.

"Shikamoo, Bi Mwatumu. Mbona umefura?"

"Marahaba. Kaniuzia kostiki feki yule muuzaji, sabuni yangu imembabua Sabra."

"Ulitia kiasi gani?"

"Mafuta kilo tano, kostiki gramu mia tisa. Na nyongeza ya kostiki, vikombe vitatu vidogo vya kunywea kahawa. Niwe bahili mie?"

Imakulata naye akakasirika. "Hizo ni kama gramu mia tatu zaidi. Na muuzaji hakukwambia neno? Anauza kitu kinachounguza watu, hata karatasi ya maelezo hana. Hiyo ni dhuluma. Lakini kostiki si feki, Bi Mwatumu. Vitu vikiungana kuwa kitu kipya, huungana kwa vipimo vyake. Maji ya kisima chetu na ya mvua ya Horohoro ni mamoja: kila gramu tisa, nane ni oksijeni, moja ni haidrojeni. Wataalamu walilijua hilo zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Kilo moja ya mafuta ya nazi nayo hushika kostiki gramu mia na themanini na kidogo. Inayozidi hubaki kostiki, ikala ngozi."

Mwatumu aliilegeza kanga kiunoni. Hasira zilimgeukia mwenyewe, zikamuuma zaidi.

"Niitupe yote?"

"Vaa glavu, iyeyushe, ongeza mafuta kilo mbili. Kostiki iliyobaki itapata mafuta ya kushika. Tena ununue mzani."

Aliununua siku hiyo hiyo. Sabuni mpya ikakaa wiki nne, ikakauka. Akampelekea Sabra kipande.

"Nawa wewe kwanza," Sabra alisema.

Neno lile lilimchoma. Hata hivyo akanawa, akajisugua povu mpaka viwikoni, akasimama nalo muda mrefu huku Sabra akimtazama. Kisha akajisuuza, akamwonyesha mikono yake, mizima.

Sabra akaichukua sabuni.