Hapa Panauzwa Dakika

Bi Candelaria aliapa kwa Bikira aliyempa jina kwamba alimwona kwa macho yake mawili. Alisema Eliécer, mchumba wa Yorladis, alikuwa bandarini Jumatano asubuhi, amefungwa kwenye mnyororo wa mwanamke mwingine. Amejikunyata, uso ameugeuzia ukutani, na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Hayo machozi ni chumvi yako, Bi Cande," Yorladis alisema. "Umeiongeza."

"Chumvi naweka kwenye arepa, mwanangu. Kwenye maneno siweki." Bi Candelaria aliigeuza arepa ya yai, andazi lake la mahindi, ndani ya mafuta, akaikandamiza kwa kijiko. "Alikuwa kwa Nubia. Nubia yule yule wa kizibao cha manjano, pale wanaposhushia samaki."

"Eliécer ana simu ya kioo. Ana kifurushi cha mwezi mzima, anaongea mpaka mdomo unakauka. Anunue dakika za nini?"

"Hilo ndilo nami najiuliza. Na hata kama ni dakika anazitaka, mchumba wake si ndiye muuzaji? Mwenye kisima uani haendi kuchota kwa jirani. Ukimwona anachota kwa jirani, jua kisima chake ana haya nacho."

Mafuta yalichachatika. Jumamosi ilikuwa harusi yake, na leo ilikuwa Alhamisi.

Mji mzima wa Magangué, kando ya mto, ulimjua Yorladis kwa kizibao chake chekundu chenye neno DAKIKA mgongoni. Kwenye kizibao hicho ilining'inia minyororo mitatu, na mwisho wa kila mnyororo simu ya vitufe, moja kwa kila mtandao. Alizitofautisha kwa utepe: mweusi, mweupe, kijani. Asiye na salio alisogea, akashika simu, akaongea, akalipa kwa dakika. Mnyororo ulikuwa mfupi, urefu wa mkono tu, maana zamani kuna waliochukua simu na kutimua mbio. Kwa hiyo mteja alisimama karibu na muuzaji kama watu wanaotaka kucheza dansi, na muuzaji alisikia kila kitu. Alisikia mikopo, misiba na mapenzi. Ila alisikia nusu tu. Maneno ya huyu aliye hapa aliyapata yote. Ya yule wa upande wa pili yalibaki sikioni mwa mteja.

Hivyo ndivyo alivyompenda Eliécer. Kila Jumatano alikuja kumpigia dada yake, kijijini kwenye mabwawa, akitumia simu ya utepe mweusi. "Malkia wangu, umekula? Mtoto amelala?" Sauti yake ilikuwa laini kama wali wa nazi. Yorladis, akiwa amesimama hapo na mnyororo wake, alijisemea moyoni: mwanamume anayemwita dada yake malkia, mke atamwitaje?

Eliécer alikuwa mpanda minara. Kampuni ilimpeleka huku na huku kufungua mitambo ya zamani ya simu na kufunga mipya. Siku moja alimaliza kuongea, akalipa, lakini simu hakuiachia.

"Dakika zimeisha, kaka," Yorladis alimwambia.

"Zako zimeisha. Mimi bado nina maneno."

Basi yakawa mapenzi.

Halafu mwaka jana alikuja na macho mekundu. Dada yake amekufa. Homa ya mafuriko, alisema, na wamekwisha kuzika, maji yamefunga njia. Yorladis alimlilia mtu asiyemjua. Alivaa nyeusi, akaweka meza ya mishumaa nyumbani kwake, akakaa matanga ya usiku tisa kama ilivyo desturi, akiwapikia kahawa majirani waliokuja kusali. Eliécer alikaa kwenye kona, kichwa ameinamisha. Tangu siku hiyo hakuushika tena mnyororo wa Yorladis.

Mchana ule Yorladis aliteremka bandarini. Nubia alikuwa amekaa juu ya kreti tupu la samaki, akijipepea kwa kifuniko cha sufuria.

"Makubwa!" Nubia alicheka. "Muuza maji kaja na kiu?"

"Nimekuja kuuliza, shoga."

"Basi umekosea duka. Na duka lenyewe linafungwa. Tumebakiwa na wateja gani? Vizee wasioona herufi ndogo, na wanaume wenye siri."

"Nubia. Keshokutwa naolewa."

Nubia aliacha kujipepea. Alichukua simu moja, akaifuta kwa upindo wa gauni ingawa haikuwa na vumbi.

"Kanuni unaijua. Ya mnyororo hufia kwenye mnyororo."

"Naijua. Sikuulizi alisema nini. Nakuuliza alimwitaje."

Nubia aligeukia mto. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magugu.

"Malkia wangu," alisema. "Malkia wangu, mtoto amepona?"

Yorladis alishika ukuta.

"Una nini wewe? Umekuwa kama majivu."

"Huyo ni dada yake."

"Ah! Sasa si afadhali? Mtu kuongea na dada yake kuna dhambi ga—"

"Dada yake alikufa. Matanga nilikaa mimi."

Nubia hakucheka. Alivuta kreti jingine kwa mguu, akamkalisha.

"Basi maiti wako anapigiwa kila Jumatano, shoga," alisema taratibu. "Na huko ahera mtandao ni mbaya, maana alikuwa anapiga kelele: unanisikia? Unanisikia?"

Jioni Yorladis alikaa kitandani na simu ndogo ya kioo ambayo Eliécer alimzawadia siku ya posa. Yeye hakuwa mtu wa kupiga makelele. Kazi yake ilimfundisha kusimama na kungoja mpaka mtu aseme mwenyewe. Akaandika herufi moja moja:

*Mpenzi, nataka kumwombea misa dada yako kabla ya harusi. Padri anauliza jina.*

Alama mbili zikatokea, zikageuka bluu. Chini pakaandikwa kwamba anaandika. Pakafutika. Pakaandikwa tena.

*Nelcy. Ila ya nyuma tuyaache mpenzi, yananiumiza. Kesho saa sita tunazima mtandao wa zamani, huku na vijijini kote. Simu zako zitakufa. Nitakuja mchana tule pamoja. Nikikuta umekivua hicho kizibao na kutupa zile laini nitakuwa mtu mwenye furaha kuliko wote.*

Alisoma mara nyingi. Tangu posa alikuwa akimwambia hayo hayo: mke wangu hatasimama juani na minyororo kama mtumwa, utauza makava ya simu, utakaa kivulini. Yorladis alidhani ni mapenzi. Aliona hata fahari. Sasa aliyatazama maneno *kutupa zile laini* mpaka kioo kikazima chenyewe.

Ijumaa alivaa kizibao kama kawaida, akasimama mahali pake jirani na jiko la Bi Candelaria. Wateja hawakuja. Jua lilipopanda, simu ya utepe mweusi ikaanza kutetemeka kifuani.

Wauza dakika hawaongei na anayepiga simu. Anayepiga ni mtu aliyekuta namba ngeni anataka kujua ni nani, naye muuzaji hana la kumwambia. Mteja ameshaondoka zamani. Kwa hiyo humpa jibu moja, kisha hukata. Yorladis alibonyeza, na mdomo ukaenda wenyewe:

"Hapa panauz—"

"Dada, usikate! Kila siku unakata. Leo usikate, nakuomba."

Mkono wa Yorladis ulibaki juu ya kitufe.

"Sikati. Naongea na nani?"

"Naitwa Nelcy. Nipo huku kwenye mabwawa. Natafuta mtu, zamani alikuwa akinipigia kwa namba hii. Mwanamume mrefu, ana kovu la kidevu. Anapanda minara ya simu."

Bi Candelaria aliinua kichwa jikoni. Yorladis alimpa mgongo.

"Ni kaka yako?" aliuliza. Jibu alishalijua, lakini alitaka lisemwe.

"Kaka?" Upande wa pili kilisikika kicheko kidogo, cha mtu aliyechoka. "Ni mume wangu, dada. Tulifungishwa ndoa kanisani. Tuna msichana, Luz, na tangu mafuriko hana wiki bila homa."

"Na mumeo hana simu?"

"Anasema kampuni inawakataza, eti simu ikimponyoka huko juu itaua mtu. Ndiyo maana anapiga kwa simu za watu. Nami nikirudisha, wanawake wananijibu: hapa panauzwa dakika. Halafu kimya."

"Aliyekujibu hivyo ni mimi," Yorladis alisema. "Kwa namba hii ni mimi."

"Najua. Sauti yako sasa naijua kuliko yake."

Yorladis alikumbuka mishumaa. Alikumbuka usiku ule wa tisa, watu wanasali *umpe pumziko la milele*, na simu ikatetemeka kwenye kizibao kilichotundikwa nyuma ya mlango. Aliikimbilia asiwasumbue waombaji. Akanong'ona: hapa panauzwa dakika. Akakata.

"Dada, bado upo?"

"Nipo."

"Wametutangazia leo saa sita mtandao huu unazimwa. Simu yangu ni ya vitufe, na huku kwetu ile minara mipya haijafika. Nimepanda kule kwenye makaburi, ndipo inaposhika. Sitaki hela, sitaki ugomvi. Juzi alinipigia analia, anasema nivumilie, lakini haniambii mpaka lini. Mama anataka tuhame kwa mjomba, milimani, kabla maji hayajarudi. Nikihama hatanipata tena. Nisipohama, mtoto..." Alivuta pumzi. "Ukimwona, muulize neno moja tu. Nimngoje, au nisimngoje?"

Kivuli kiliangukia miguu ya Yorladis. Eliécer alikuwa amefika, amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani, mkononi mfuko wa samaki aina ya bocachico wa kukaanga na muhogo.

"Mpenzi!" aliita kwa furaha. "Bado umevaa hilo dude? Nani huyo?"

"Marehemu," Yorladis alisema.

Mfuko ulishuka taratibu mpaka ukagusa paja lake.

"Yorla. Kata."

"Ameniomba nisikate."

"Nitakueleza. Mambo si kama unavyo—"

"Mimi sina swali, Eliécer. Mwenye swali ni huyu, na kasubiri foleni muda mrefu kuliko mimi." Akaisogeza simu. "Dada Nelcy, usikate na wewe. Mwenye jibu yupo hapa."

Eliécer alirudi nyuma hatua moja. Mnyororo ulinyooka, simu ikabaki hewani baina yao, haimfikii. Akainua macho juu ya mapaa, kwenye mnara ambako wenzake wawili, wadogo kama kunguru, walikuwa wamejifunga mikanda.

"Saa sita inakaribia," alisema kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mtoto. "Itakatika yenyewe, Yorla. Hatuhitaji kufanya kitu. Itakatika, na yataisha. Kesho tunaoana. Nani ataumia?"

"Uliniketisha matanga ya mtu aliye hai."

"Sikujua namna nyingine ya kumaliza."

"Hujamaliza! Unampigia kwa Nubia!"

"Nilimhurumia."

"We mwanaharamu," Bi Candelaria alisema kutoka jikoni, bila hata kupandisha sauti, arepa zake zikiungua.

Yorladis alimtazama mchumba wake: shati jipya, kovu la kidevu, ule mdomo uliomwita malkia mwanamke mwingine kwa sauti ile iliyomtia yeye wazimu. Kisha akaanza kufungua vifungo vya kizibao, kimoja baada ya kingine, bila haraka.

"Unafanya nini?" Eliécer aliuliza.

"Si uliniambia ukikuta nimevua utafurahi kuliko wote?"

Alimvika mabegani kama mtu anavyomfunika mgonjwa wa baridi. Minyororo ikalia. Alichukua kiganja chake, akaweka ndani simu ya utepe mweusi, akavikunja vidole juu yake. Havikumpinga, lakini havikushika pia. Vilikaa tu vilivyowekwa. Halafu akatoka akasimama karibu na jiko, na Bi Candelaria akamshika mkono kwa vidole vyenye mafuta.

Miaka yote ya kazi yake Yorladis alisikia upande mmoja, wa huyu aliye hapa. Leo huyu aliye hapa alikuwa amenyamaza, macho yake yako mnarani, midomo imefunguka kidogo, na DAKIKA imeandikwa mgongoni kwake. Sauti ya kule, kutoka makaburini, ilitoka simuni nyembamba lakini safi, ikafika hadi jikoni.

"Halo? Eliécer, ni wewe? Nakusikia unavyohema. Niambie tu, baba Luz, sitalia. Nikungoje, au nisikungoje?"