Siku Kumi na Tatu za Miwani

Foleni ya mapokezi ilikuwa imemwagika hadi nje ya mlango wa hospitali, watoto wanalia, simu zinalia, na dada wa mapokezi, mwenye kucha nyekundu na ulimi wa wembe, alikuwa anagombana na kompyuta yake.

"Imenifungia tena!" alimnong'oneza shoga yake wa dirisha la dawa. "Nimekosea pasiwedi mara tatu, basi, imenisusa."

"Mara tatu tu?" ikadakia sauti ya kiume. "Mbona katili hivyo? Mama yangu hunisamehe hadi mara kumi."

Kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa likanyooka, miwani ya duara.

"Kaka, wewe ni mgonjwa au mchekeshaji?"

"Mgonjwa, dada. Nimeanza kuugua sasa hivi, hapa hapa mbele yako."

Foleni nzima ikacheka. Jamani, dada namba ya simu aliitoa hata kabla ya kumwandikia kadi!

Ikawa ni simu asubuhi, simu mchana, umekula mpenzi, umefika mpenzi. Miwani alisema anafanya kazi za kompyuta, na hakudanganya. Siku ya tano, wakinywa juisi kwenye kibanda ng'ambo ya hospitali, dada akajiachia.

"Marehemu bibi aliniita Kitunguu. Eti nikilia, nyumba nzima inalia na mimi. Hakuna mwingine anayeniita hivyo."

"Na mimi siruhusiwi?"

Akambinya shavu. "Wewe tu."

Siku ya kumi na nane Miwani akapiga simu. "Kesho Ijumaa nakuja kazini kwenu, nitaongea na wakubwa zako. Baada ya hapo nitakueleza kila kitu."

Moyo ukamruka dada. Anakuja kujitambulisha! "Nivae nini?"

"Lile gauni la njano."

Shoga wa dawa akampaka kucha upya huku akipiga vigelegele vya chini chini.

Ijumaa, mkurugenzi akaita wafanyakazi wote ukumbini. Miwani akasimama mbele na kompyuta yake, akamwona dada ndani ya gauni la njano katikati ya watu, akarekebisha miwani. Kumbe aliajiriwa na hospitali yenyewe, ajaribu kuingia kwenye mfumo wao kama mwizi, kisha awaonyeshe matundu yalipo! Ukutani maandishi makubwa yakawaka:

*Mhudumu wa mapokezi. Njia iliyotumika: mapenzi. Swali la kubadili pasiwedi: jina la utotoni. Jibu: Kitunguu.*

Kwa jina hilo tu alifungua faili za wagonjwa wote.

"Mapokezi si yuko mmoja?" akauliza mkurugenzi, na vichwa vyote vikageukia njano. Mhasibu alicheka hadi akajifuta macho. Dereva akapaza sauti, "Kitunguu, mbona sisi leo hatulii?"

Mchana huo huo dada alishushwa stoo ya chini kubandika namba kwenye faili kuukuu. Kiti chake cha mapokezi alipewa nani? Shoga yake wa dawa.

Jioni simu ikaita. "Kitunguu, kazi ni kazi. Nilikula kiapo cha kutosema. Na jina lako halisi sikuliandika!"

"Moja," dada akasema, akakata.

Kesho yake ikaita tena. "Nilidhani watakaa wakubwa watatu tu. Mkurugenzi ndiye aliyeita watu wote."

"Mbili."

Jumatatu Miwani akashuka stoo mwenyewe, shati limekunjamana, kiboksi cha pete mkononi.

"Nisikilize. Niliingia kwenye mfumo siku ya sita. Kazi ikaisha. Siku kumi na tatu zilizofuata nilikuja kwa sababu nakupenda. Nataka kukuoa, Kitunguu."

Na alikuwa anasema kweli. Dada aliona machoni kwamba ni kweli, mkono wake ukaanza kunyanyuka kuelekea kile kiboksi. Halafu akazihesabu zile siku.

"Siku ya tisa nililia kifuani kwako, namlilia bibi. Ukanifuta machozi."

"Nilikuonea huruma, mpenzi."

"Na lile jina alilonipa, ulikuwa umeshaliandika kwenye ripoti?"

Miwani akakigeuza kiboksi mkononi.

"Siku ya kumi na nane nikakuuliza nivae nini. Ukanichagulia gauni la kuchekewa."

"Hapana! Unapendeza nalo, ndiyo maana nika..."

"Tatu."

Miwani akavua miwani. Yeye ndiye hulipwa kufungua kila kilichofungwa, na alijua vizuri kuliko mtu yeyote nini hufuata baada ya tatu. Akarudisha kiboksi mfukoni. Dada alishachukua faili lingine, anatafuta namba yake.

Mlango wa juu ukafunguka, dereva akachungulia. "Kitunguu! Wanataka faili za wodi ya nne!"

"Nakuja!" dada akaitika, akampita Miwani kwenye ngazi kama anavyopita ukuta.