Mwanangu Alikataa Kulala Kwangu

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na miwili, na nina diploma ya ushirika niliyoipata Ulaya. Sikubebwa na mtu! Nilianza kwa kukaanga vitumbua Isevya, hapa Tabora, nikasoma masomo ya jioni hadi serikali ikanichagua kwenda kusoma huko. Leo nina ofisi na nyumba ya matofali... lakini nalia.

Enzi za vitumbua tulikuwa na chumba kimoja na kitanda kimoja, mume wangu, mimi na binti yetu Siwema. Mama maskini ana nini cha kumlazia mtoto zaidi ya mwili wake? Siwema alilala kifuani pangu tu, ameikamata kanga niliyoshinda nayo. Ikifuliwa, alilia mpaka sauti ikakauka!

Nilipochaguliwa, alikuwa ndiyo kwanza anaanza kukimbia. Mpangaji mwenzangu, Zuhura, ndiye aliyenitoa wasiwasi.

"Nenda, shoga! Niachie hiyo kanga uliyovaa, mtoto akunuse humo alale. Ila ukirudi na viatu vya mchuchumio, usijifanye hutujui!"

Tulicheka. Nikaivua, nikampa.

Zuhura alijifunga kanga ile, akamlaza mwanangu kifuani pake... Kisha mume wangu naye akahamia chumbani kwake! Niliporudi niliwakuta wameoana. Hakuna aliyeniandikia hata neno moja!

Wazee wa ukoo walisema mtoto ni wangu. Nilimchukua kwa kishindo, nikamwonyesha kitanda cha springi na shuka mpya. Akauliza mama yuko wapi.

"Mama ni mimi."

"Wewe mgeni," akasema. "Nirudishe, mgeni. Nina usingizi."

Alikaa wima mlangoni, akisinzia na kushtuka. Uji alikataa. Macho yakaingia ndani, homa ikampanda. Nilimwimbia, nikampa pipi... Mimi niliyeshinda mitihani ya Wazungu, nilishindwa kumlaza mtoto wa miaka mitatu!

Mwishowe nilimbeba hadi kwa Zuhura. Hakunikejeli. Heri angenikejeli! Alisema tu, "Mlete, dada," na Siwema akalala begani kwake kabla sijaketi.

Nikamwacha.

Siku hizi ananiamkia shikamoo kwa adabu, kama anavyowaamkia majirani wote.

Dada zangu mnaoitwa masomoni, someni! Diploma yangu siijutii hata kidogo. Lakini kama mtoto bado analala kwa joto lako, msubiri kwanza, au nenda naye, au mpeleke kwa mama yako mzazi. Mume nitapata mwingine nikitaka. Mwanangu kunisinzilia kifuani... hilo nitalipata wapi?