Jina la Riungu kwenye Skrini

Kiende alijitafutia mwenyewe. Kompyuta ya mradi wa maji, hapa Mitunguu, iliendesha pampu za kumwagilia migomba bila shida yoyote, na mwanzo wa kila mstari, pale inapongoja amri, iliandika tu "pampu$". Basi akafungua .bashrc, faili ya mipangilio, akabadilisha PS1, yaani hilo neno la mwanzo wa mstari, ikawa "Riungu$". Riungu alikuwa fundi mwenzake aliyesagwa na pampu mwezi uliopita. Kiende alitaka akumbukwe.

Sasa, sisi huku jina la marehemu tunampa mtoto, lipate mwili wa kukaa. Nani alimwambia aipe mashine?

Asubuhi iliyofuata skrini ikaandika Riungu mara tatu bila kuguswa. Ofisi ikanuka grisi na damu mbichi.

"Baba Kinyua," Kiende alinong'ona kwa simu. Muthomi, mumewe, alikuwa ndani ya shimo la pampu, akitoa majani yaliyoziba. "Toka huko. Usiulize, toka tu."

"Kwani umewasha? Mbona inatetemeka?"

"Si mimi."

Akaandika amri ya kuzima, mashine ikakataa. Akafuta lile jina, likarudi. Akachomoa waya ukutani na skrini bado ikawaka, Riungu, Riungu, Riungu, likishuka mstari kwa mstari huku kutoka shimoni kukipanda kilio cha Muthomi na mlio wa mfupa ukivunjwa na chuma, mpaka Kiende, mkojo ukimtiririka miguuni, akaelewa kwamba jina lile lilikuwa likitafuta mwili, na lilikuwa limeanza kuuchukua wa mume wake.

"Mwache," akasema chini chini. "Chukua wangu."

Akaandika PS1='Kiende$', akabonyeza Enter. Pampu ikanyamaza.

Muthomi alipanda kutoka shimoni bila mkono wa kulia, amefunga kigutu kwa shati. Akamkuta mkewe amekaa wima mbele ya kompyuta. Akamwita. Hakugeuka. Akamwita tena, huku analia, na mdomo wa Kiende ukamjibu kwa sauti ya Riungu, pole pole:

"Huyo hayuko humu. Angalia hapo mbele."

Kwenye skrini, baada ya jina la mkewe, herufi zilikuwa zikijiandika moja moja.

Kiende$ Baba Kinyua, umeumia wapi?