Breki ya Mbele

Kila asubuhi majirani walipata kichekesho cha bure. Fundi cherehani alitembea kwenda kazini, furushi la vitambaa kichwani. Kando yake mumewe alimfuata na pikipiki, mwendo wa kinyonga, trei za mayai zimefungwa kwenye keria.

"Basi panda, mama watoto. Jua litakuchoma."

"Lichome. Miguu yangu nikiiambia simama, inasimama."

Majirani waliangua kicheko. Mumewe naye alicheka. Mtaa mzima ulimwita Mayai kwa sababu ya biashara yake, na alikuwa amezoea utani. Lakini moyoni iliuma. Tangu waoane, yeye ndiye aliyempeleka mkewe kazini. Safari hiyo fupi ilikuwa nafasi yao ya kupiga soga bila watoto kuwakatiza. Sasa Mayai alibaki kusema peke yake barabarani.

Yote yalianzia kwenye mteremko wa sokoni. Siku hiyo mkewe alikuwa anamsimulia habari za bibi harusi aliyekataa gauni lake. Hadithi ilikuwa imenoga. Ghafla mkokoteni ukakatiza mbele yao. Mayai alikanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zote. Tairi la nyuma likajifunga, likateleza, na wote wawili wakala mwereka mtaroni.

Hakuna aliyevunjika. Mkewe alichubuka magoti, na halikubaki yai zima. Alinyanyuka, akajipangusa, akabeba furushi lake. Tangu hapo hakupanda tena.

Mkewe alikuwa na shoga yake, mwalimu wa shule ya pikipiki iliyo nyuma ya kiwanda cha matofali. Siku moja mwalimu huyo alikuja kununua mayai. Akainama, akabana breki ya mbele ya pikipiki. Mkono wa breki ukaenda mpaka mwisho, laini kabisa.

"Shemeji, breki hii imekufa?"

"Haijafa. Nimeilegeza mwenyewe. Kaka yangu aliishika siku moja, pikipiki ikampindua. Breki ya mbele inaua, shemeji."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua!"

"Mimi sijui, na ndiyo kazi yangu. Hebu niambie, ukifunga breki, uzito wote unakwenda wapi?"

Mayai alikuna kichwa. "Siku ile mke wangu alinigonga mgongoni."

"Umeona? Unakwenda mbele. Tairi la mbele linagandamiza barabara, la nyuma linakuwa jepesi. Wewe unaliachia hilo jepesi kazi yote. Kwa nini lisiteleze? Njoo uwanjani nikufundishe."

"Mimi? Niende shule? Naendesha tangu sijaota ndevu!"

"Na sasa una ndevu, mkeo anatembea kwa miguu."

Mayai aliipeleka pikipiki gereji.

Fundi akakaza waya wa breki ya mbele. Siku ya mapumziko, Mayai akaenda shuleni. Uwanja ulikuwa mpana, wa lami safi, na koni za rangi ya chungwa zimepangwa mstari. Mwalimu alimvalisha helmeti, glavu na pedi za magoti.

"Endesha taratibu. Ukifika kwenye koni, simama kwa breki zote mbili."

Mayai alipiga moyo konde. Alipoikaribia koni, alimkumbuka kaka yake. Hofu ikamshika, naye akaikamata breki ya mbele kwa pupa. Tairi likajifunga, usukani ukapinda, akalala chini kama gunia.

"Nilikwambia!" alifoka akiwa palepale chini. "Hii breki ni muuaji!"

Mwalimu alimwinua huku akicheka. "Breki haina kosa. Kosa ni pupa. Shemeji, yai unalishikaje?"

"Polepole."

"Ukilikamata kwa nguvu?"

"Linapasuka."

"Basi anza kama unashika yai. Kisha ongeza nguvu kidogo kidogo. Kanyaga na ya nyuma pamoja. Pikipiki iwe imenyooka, usukani usipinde. Na macho yatazame mbele, usitazame tairi."

Kushika yai! Hilo Mayai alilijua kuliko mtu yeyote mtaani. Akarudia. Akarudia tena. Jua lilipoanza kuzama, pikipiki ilikuwa inatulia kabla ya koni, imenyooka vizuri, na Mayai anacheka peke yake ndani ya helmeti.

Nyumbani alimweleza mkewe kila kitu. Mkewe alisikiliza huku akitunga uzi kwenye sindano.

"Vizuri," alisema. "Lakini uwanjani hakuna mikokoteni."

Siku chache baadaye, Mayai alikuwa anapita mbele ya kibanda cha mkewe. Mkokoteni wa viazi ukachomoza kati ya magari yaliyoegeshwa. Mkewe aliinua macho kutoka kwenye cherehani.

Vidole vya Mayai vilibana breki kwa upole, kisha kwa nguvu zaidi. Mguu nao ulikanyaga. Pikipiki iliinama mbele kidogo, ikasimama wima. Mwenye mkokoteni alipita zake akipiga mluzi, hana habari.

Mkewe alitoka mbio. Akafunua trei, akakagua mayai yote. Kisha akamkagua mumewe.

"Yote mazima," alisema, akarudi kwenye cherehani yake.

Asubuhi iliyofuata, Mayai alitoka nje tayari kubembeleza kama kawaida. Akashangaa. Furushi la vitambaa lilikuwa limefungwa kwenye keria, juu ya trei. Mkewe alikuwa amesimama kando, helmeti kichwani, mkanda umefungwa kidevuni.

"Unanikodolea macho ya nini? Twende, watu wanasubiri nguo zao."

Walipofika kwenye mteremko wa sokoni, Mayai alipunguza mwendo. Mikono ya mkewe ilimkaza kiunoni, kisha ikalegea.

"Haya, baba watoto," mkewe alisema sikioni mwake. "Yule bibi harusi sasa. Unajua gauni alilikatalia nini?"