Taa Iliyoingia Hemani

Kila alasiri baada ya masomo, Najua alipitia kwenye banda la mashua la shangazi yake kufuta vioo vya taa. Jina lake halisi lilikuwa jingine, lakini kila alipoelekezwa jambo alijibu "Najua!" kabla msemaji hajamaliza, basi jina likamganda kama kupe.

Shangazi alikuwa na mashua ya injini. Wakati wa likizo aliwavusha wanafunzi na mwalimu wao kwenda kupiga kambi ng'ambo ya ziwa. Taa zake alizichagua kwa makini. Kwenye mashua alitundika chemli, kwa kuwa kioo chake huukinga utambi na upepo. Karabai, ile taa ya kupigwa pampu inayovuma na kuangaza kama mchana, ilikuwa ya jikoni, chini ya turubai lililo wazi pande zote. Hemani ziliingia tochi za betri tu.

"Mafuta ya taa hutiwa nchi kavu, taa ikiwa imezimwa na kupoa," alisema siku ya safari, akikitenga kidumu cha mafuta hayo mbali na petroli ya injini. "Na taa ya moto..."

"Hailali hemani. Najua, shangazi."

"Kujua si kushika, mwanangu. Ingia mashuani."

Jioni ya pili kambini, mvua iliwanyeshea walipokuwa wanamaliza kula maharage. Wanafunzi walitimua mbio kila mmoja hemani kwake. Najua alikuwa hema moja na mdogo wake, Kadogo, ambaye sasa meno yalikuwa yanamgongana kwa baridi.

"Dada, nakufa!"

"Hufi wewe. Ngoja nikuletee jua," Najua alijibu kwa maringo.

Jikoni, mpishi alikuwa ameinama akiokoa magunia yasilowe. Watoto walimwita Baba Sufuria. Najua akanyakua moja ya karabai mbili zilizokuwa zikiwaka pale, akaikinga na mvua kwa koti, akaenda nayo. Aliiweka kati ya magodoro, akafunga zipu ya hema mpaka chini ili mvua isiingie. Joto likaenea upesi. Kadogo akacheka.

"Shangazi akijua?"

"Nani atamwambia? Jipashe moto, nakuja."

Najua akatoka kwenda hema la jirani kuazima blanketi kavu. Huko soga zikamnogea. Aliporudi, Kadogo alikuwa amelala kifudifudi, ametapika. "Kichwa, dada," alinong'ona. "Miguu sina."

Najua akaizima taa, akamburuta mdogo wake nje. Kisha akafanya jambo la pili, baya kuliko la kwanza: aliikimbiza taa jikoni kwanza, ndipo akapiga kelele.

Watu wakajaa. Shangazi akampakata Kadogo. Mvulana mmoja mrefu akasema, "Ni yale maharage! Baba Sufuria katulisha sumu!"

"Hata mimi tumbo linanicheza," mwingine akadakia, ingawa wakati wa kula alikuwa ameomba aongezwe.

"Nimekula humu humu mimi," mpishi alisema. Akachota maharage kwa upawa, akala mbele yao. Hakuna aliyemtazama. Basi akaibeba sufuria nzima, akaimwaga shimoni, akaketi juu ya gunia. "Miaka yote napikia watoto wa watu," alisema, kama anayejisemea.

Najua alitazama vidole vya miguu yake. Uso ulimwaka. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mpeni maji, alale hemani," shangazi alisema. "Tumbo likitulia, vizuri. Lisipotulia, tutavuka asubuhi kwenda zahanati."

Asubuhi! Kadogo alikuwa anasinzia, kichwa kikimlegea begani mwa shangazi. Najua akawapenya watu hadi mbele.

"Si maharage."

"Umesemaje?"

"Si maharage, shangazi. Niliingiza karabai hemani. Nikafunga zipu. Nikairudisha ili msione."

Wenzake wote walimkodolea macho. Shangazi hakumgombeza, aliinuka haraka, uso umemsawijika. "Chemli mashuani! Mwalimu, baki na watoto. Najua, mshike mdogo wako, asiache kupata upepo."

Usiku ule ule, zahanatini ng'ambo ya pili, muuguzi alimvisha Kadogo barakoa ya oksijeni. "Taa ikiwaka palipofungwa hutoa hewa ya sumu," alieleza. "Haina harufu. Mngengoja asubuhi, sijui ningewaambia nini." Taratibu Kadogo akafumbua macho, akauliza kama bado kuna maharage.

Kesho yake waliporudi kambini, Najua alienda moja kwa moja kwa mpishi, wenzake wote wakisikia. "Nisamehe, Baba Sufuria. Ulisingiziwa kwa kosa langu, nami nikanyamaza."

Mpishi akaweka upawa chini. "Iliniuma, sikufichi," alisema. "Lakini sufuria itapikwa nyingine. Mtoto hapikwi mwingine."

Yule mvulana mrefu naye akasogea, akaomba radhi kwa sauti ndogo.

Shangazi akamvuta Najua pembeni, wakaketi juu ya jiwe. "Mume wangu alikufa hemani," alisema. "Alikuwa mvuvi. Usiku wa baridi alijifungia na taa. Watu walisema kalishwa kitu, wakamnyooshea kidole aliyempikia. Mimi pia nilimnyooshea. Tulipoujua ukweli, yule mama alikuwa ameshahama."

Najua alilia bila kuficha uso.

"Sikukuambia kwa sababu kulisema jambo hili kunaniuma. Hilo ni kosa langu. Basi shika haya mawili. Taa ya moto mahali pake ni nje, hata baridi iwe kali namna gani. Na ukikosea, sema upesi. Aibu ya kusema kweli itakuchoma uso wako peke yako. Aibu ya kunyamaza humchoma asiye na kosa."