Uji wa Asubuhi ya Upasuaji

"Mrudisheni wodini. Huyu hapasuliwi leo!"

Nilisikia hayo mlangoni pa chumba cha upasuaji, hospitali moja hapa Homa Bay. Mama alikuwa ameshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, gauni la kijani mwilini, kofia ya karatasi kichwani.

"Sista, kuna nini?"

"Mgonjwa amekunywa uji."

Jamani... uji!

Mtu wa kupasuliwa utumbo! Mtu aliyeharishwa kwa dawa mpaka miguu ikakosa nguvu, ili tumbo libaki tupu!

"Nani amempa?"

Mama aliangalia ukuta. Kando yake alisimama Shangazi Kezia, wifi yake, ameshika thamosi ya maua maua.

"Ni mimi," akasema. "Nilimwonea huruma."

Wasomaji wangu, sikujizuia. Nilimwita muuaji mbele ya watu wote. Alifunika thamosi yake kwa leso, akaondoka.

Mimi ni Mourine. Nauza dawa za mifugo Migori mjini. Mama yangu, Nyamusi, anapika mandazi stage ya matatu ya Oyugis tangu nikiwa mgongoni, na hayo mandazi ndiyo yaliyonifikisha kwenye diploma yangu. Ugonjwa ulianza na damu akienda choo. Akasema ni bawasiri. Akanywa mizizi, akanyamaza. Nilipomleta hospitali, ilikuwa saratani, chini kabisa kwenye utumbo.

Daktari alituchorea kwenye karatasi.

"Uvimbe ungekuwa juu," alisema, "ningekata kipande kibovu na kuunganisha utumbo. Angeenda choo kama zamani. Lakini huu umekaribia sana njia ya haja. Nikiunganisha, nitaacha ugonjwa ndani. Itabidi nitoe sehemu hiyo yote, nizibe, halafu nimfungulie tundu tumboni. Choo kitatokea hapo, kiingie kwenye mfuko."

"Kwa muda gani?" Mama aliuliza.

"Maisha yako yote, mama."

"Na nikikataa?"

"Uvimbe utaziba njia. Utaletwa hapa tumbo limefura, na nitakuwekea huo huo mfuko, saratani ikiwa imebaki."

Yaani mfuko ni mfuko! Kilichobaki kuchagua ni kama atauvaa akiwa na saratani au bila.

Baada ya ule uji, tulipewa siku nyingine. Nikaomba ruhusa kazini, nikamkataza Shangazi asikanyage wodi. Asubuhi yenyewe nilitoka kidogo tu kunawa uso. Niliporudi...

Mama alikuwa na kikombe cha chai cha mgonjwa wa kitanda cha pili. Anagugumia!

"Mama!"

"Usipige kelele."

"Nani amekupa?"

"Nimeomba mwenyewe. Hata ule uji niliuomba. Kezia alikataa, nikamlilia. Halafu akabeba lawama yangu."

Nikakaa kitandani kwake.

"Kwani unataka kufa?"

"Nataka kupika!" Alisema kwa sauti ya chini. "Nani atakula mandazi ya mtu aliyebeba choo kwa tumbo? Niambie, Mourine. Nani?"

Nilikuwa nimechoka, watu wangu. Nimechoka kubembeleza, nimechoka kulala kwenye kiti cha plastiki.

Upasuaji ukaahirishwa tena. Nilitoka nje nikampigia Shangazi, nikamwomba radhi.

"Ningekuwa wewe ningetukana zaidi," alisema. "Lakini huyo mama yako! Anadhani sisi wengine tumebeba maua humu tumboni?"

Hapo ndipo wazo liliponijia.

Kesho yake nilikuwa Oyugis mapema. Nikakanda unga, nikapika mandazi, nikapanga beseni mahali pa Mama. Wateja walipojaa, nikasimama.

"Wateja wa Mama Mourine, nisikilizeni! Mama ana saratani ya utumbo. Atapasuliwa, na kuanzia siku hiyo choo chake kitatokea tumboni, kwenye mfuko. Akipona atarudi hapa kupika. Mwenye kuona kinyaa aanze kutafuta pengine leo!"

Watu wakanigeuzia shingo.

"Yawa! Nyar Kisii, binti wa Kisii wewe," mama mmoja muuza dagaa wa omena akasema, "mambo ya choo asubuhi hii, mdomo wangu ukiwa umejaa?"

Machuki, muuza viatu, alirudisha nusu ya andazi kwenye gazeti taratibu. "Mimi... nitakuwa nakunywa chai nyumbani."

Mwingine akamfuata. Na mwingine.

Kisha Duke, manamba wa magari ya Kisii, akachukua andazi la pili.

"Huyo mama hata akipika na miguu nitakula. Apone haraka, Mourine. Haya yako ni mawe!"

Watu wakacheka. Wengine wakanunua.

Habari zilifika Homa Bay kabla yangu. Nilimkuta Mama ameshika simu.

"Umeniuza."

"Ndiyo."

"Stage yote?"

"Yote. Machuki amehama."

"Machuki ni wa kukopa tu." Karibu acheke, akajizuia. "Sasa nimebaki na nini cha kuficha?"

"Hakuna, Mama."

Tulipopangiwa upasuaji mara ya tatu, hakugusa kitu. Wala hakuniaga.

Uvimbe ulitoka wote. Bado anaenda kliniki, na daktari hajatuahidi zaidi ya hapo. Ila amerudi Oyugis. Mfuko uko chini ya aproni, hauonekani, haunuki. Wateja wamepungua, sitawadanganya. Duke yupo.

Tatizo ni kwamba Mama hanisemeshi! Akiwa na neno, anamtuma Shangazi Kezia. Na juzi Mzee Joash wa kanisani alinipigia.

"Binti, ulimvua mama yako nguo mbele ya watu. Omba msamaha."

Mwenye mgonjwa anayekimbia kisu, nisikilize. Usimtishe kwa kifo, hicho ameshakikubali. Muulize ni nini kinamwogopesha katika kuishi baadaye. Mimi nilichelewa kuuliza, karibu nimzike.

Najua mnakuja kwenye komenti kunifunza adabu. Njooni. Mama amenuna, na anayenuna anapumua.

Siombi msamaha.